Nati Zisilegee Njiani: Somo kutoka Gari la Mbio hadi Bodaboda

Gurudumu la matatu likichomoka kwenye mteremko, lawama huelekezwa kwanza kwa barabara mbovu au kwa dereva aliyekimbia. Ni wachache wanaouliza nati za gurudumu hilo zilikazwa vipi mara ya mwisho, nani alizikaza, na kama kuna mtu aliyerudi kuziangalia. Somo hili linaeleza kwa nini nati iliyokazwa asubuhi huweza kulegea kabla ya jioni, na hatua ambazo mwenye gari, mhudumu wa bodaboda, fundi wa jua kali na mwenye mashine ya posho wanaweza kuchukua ili kuzuia ajali.

Mfano mkuu umechukuliwa mbali kidogo: kwenye magari ya mbio fupi za kasi yanayoitwa dragi, mchezo uliokita mizizi Marekani. Magari hayo hutikisa bolti zake kwa ukali mkubwa, na mafundi wake wamelazimika kujifunza mbinu ambazo hazihitaji pesa nyingi. Nyingi kati yake zinaweza kutumika katika gereji yoyote mtaani.

Bolti hushika vipi

Watu wengi hudhani kwamba bolti ni kama msumari: imepita kwenye tundu, kwa hiyo vyuma viwili haviwezi kuachana. Ukweli ni kwamba bolti hufanya kazi kama springi. Nati inapokazwa, shina la bolti huvutwa na kurefuka kidogo. Shina hilo hutaka kurudi katika urefu wake wa kawaida, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vyuma viwili pamoja. Vyuma vikibanwa kwa nguvu ya kutosha, msuguano kati yake huvizuia kuteleza. Kwenye gurudumu, ni msuguano huu kati ya rimu na habu unaobeba sehemu kubwa ya kazi. Bolti yenyewe kazi yake ni kubana.

Kiasi cha kurefuka huko ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Bolti ya chuma imara yenye unene wa milimita 10, inayobana vyuma vyenye unene wa sentimita 5, hurefuka takriban sehemu moja ya kumi ya milimita ikikazwa sawasawa. Huo ni unene wa karatasi moja ya daftari. Hata hivyo, mrefuko huo mdogo huleta nguvu ya kubana inayozidi uzito wa tani 2. Bolti ya gurudumu la gari dogo ni fupi, kwa hiyo mrefuko wake ni mdogo zaidi ya huo.

Hapa ndipo penye siri ya somo zima. Ikiwa kati ya rimu na habu kuna tope lililokauka, kutu au rangi nzito yenye unene wa karatasi, nati itakazwa juu ya uchafu huo na kuonekana imara. Gari likitembea kilomita chache, uchafu husagika na kutoka. Pengo linalobaki hutosha kumaliza mrefuko wote wa bolti. Nati haijazunguka hata kidogo, lakini nguvu ya kubana imekwisha. Kuanzia hapo gurudumu huanza kucheza, na nati huanza kufunguka.

Kinachozungusha nati ifunguke

Mistari inayozunguka shina la bolti, ambayo mafundi huiita thredi, ni mteremko uliokunjwa kuzunguka nguzo. Nati iliyokazwa ni kama jiwe lililowekwa juu ya bati la paa lenye mteremko mdogo. Jiwe halishuki kwa sababu msuguano unalishikilia. Lakini bati likitikiswa kwenda upande huu na ule, jiwe hushuka polepole, kila mtikiso hatua kidogo, hadi lifike ukingoni na kuanguka.

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha jambo hilo waziwazi. Mtikiso unaovuta bolti kwa urefu wake una madhara madogo. Mtikiso unaofanya vyuma vilivyobanwa viteleze kando, upande mmoja kisha mwingine, ndio unaofungua nati. Mashine ya majaribio inayofuata mbinu yake bado hutumika duniani kupima nati na washa, na inajulikana kwa jina lake.

Fundi anaweza kuondoka na funzo moja kutoka kwa kazi ya Junker: mradi vyuma havitelezi, nati haifunguki. Kinga ya kwanza ni kubana kwa nguvu ya kutosha juu ya vyuma visafi. Washa, gundi na waya huja baadaye, kama kinga ya pili.

Sababu nyingine ni joto. Ekzosi hupata moto na kupoa kila siku. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea, na vyuma tofauti hutanuka kwa viwango tofauti. Ndiyo maana bolti za ekzosi ni kati ya zile zinazolegea mara kwa mara, kwenye gari la mbio na kwenye pikipiki ya kawaida vilevile.

Wanachofanya mafundi wa magari ya dragi

Chama kikubwa cha mbio za dragi Marekani, NHRA, kilianzishwa mwaka 1951. Kwa miaka mingi mbio zake zilikuwa za robo maili, yaani mita 402. Tangu mwaka 2008, magari ya daraja la juu zaidi hukimbia futi 1,000, karibu mita 305. Gari la daraja hilo humaliza umbali huo kwa chini ya sekunde 4, likiwa limepita kasi ya kilomita 500 kwa saa. Wakati wa kuondoka, matairi ya nyuma hujikunja na wakati mwingine hudunda kwa ukali kiasi kwamba dereva hushindwa kuona vizuri mbele yake. Mdundo huo hupita kwenye kila bolti ya chesi, injini na ekseli.

Mafundi wa magari haya huifungua injini baada ya kila mbio na kuiunga upya kabla ya mbio inayofuata. Kazi hiyo hufanyika kwa muda unaopungua saa moja, mbele ya watazamaji, huku saa ikihesabu. Haraka ya namna hiyo ingetosha kumfanya mtu asahau nati moja. Kinachowasaidia ni utaratibu. Kila mtu ana sehemu yake ya kazi. Nati hukazwa kwanza kwa mkono ili kuhakikisha thredi hazijakosana. Kisha hukazwa kwa spana ya kupimia mkazo, ile yenye kipimo kinachoonyesha nguvu iliyotumika. Bolti iliyokazwa hadi kipimo chake cha mwisho huwekwa alama ya rangi, ili mwingine akipita aone palipokwisha na palipobaki.

Wale wanaoshiriki kwa magari ya kawaida waliyoyaongeza nguvu hufuata desturi kama hiyo kwa kiwango kidogo. Baada ya kila mara kukimbia, wanapita kwenye nati za magurudumu, bolti za ekzosi, maunti za injini na bolti za propela shafti. Wanachokiona kwa macho na kukigusa kwa spana kwa dakika 10 huwaepusha na hasara ya injini nzima, au ya maisha.

Kukaza kwa kipimo

Kosa linaloonekana zaidi kwenye gereji za mtaani ni kukaza kwa kukisia. Nati ndogo hukazwa kupita kiasi hadi bolti ikatike au thredi zikwaruzike, na nati kubwa huachwa bila nguvu ya kutosha. Kati ya nguvu yote ambayo mkono hutumia kwenye spana, karibu asilimia 90 huishia kwenye msuguano chini ya nati na ndani ya thredi. Ni takriban asilimia 10 tu inayovuta bolti. Ndiyo sababu kutu, mchanga au oili hubadilisha matokeo kwa kiasi kikubwa hata kama mkono umetumia nguvu ileile.

Nguvu ya kukaza hupimwa kwa nyutonimita, kwa kifupi Nm. Kwa bolti kavu na safi zenye alama ya 8.8 kichwani, viwango vya kawaida ni kama vifuatavyo:

– Bolti ya milimita 6: takriban Nm 10.
– Bolti ya milimita 8: takriban Nm 25.
– Bolti ya milimita 10: takriban Nm 48.
– Bolti ya milimita 12: takriban Nm 83.

Nati za magurudumu za magari mengi madogo huhitaji kati ya Nm 100 na 120. Pale ambapo kitabu cha gari au cha pikipiki kinapatikana, kipimo kilichoandikwa humo ndicho cha kufuatwa, hata kikitofautiana na hivi. Malori na mabasi yana vipimo vyake, vikubwa zaidi.

Fundi asiye na spana ya kupimia mkazo anaweza kutumia mizani ya ndoano, ile inayotumiwa sokoni kupima nyama au nafaka. Mizani hufungwa kwenye mpini wa spana, kisha huvutwa ikiwa imesimama mraba na mpini. Kilo zinazosomwa huzidishwa kwa 9.8, halafu kwa umbali wa mita kutoka katikati ya nati hadi ndoano ilipo. Kwa mfano, kilo 21 kwenye mpini wa nusu mita ni sawa na Nm 103 hivi. Kwa mpini huohuo, bolti ya milimita 6 huhitaji kilo 2 pekee. Mfano huo unatosha kuonyesha kwa nini bomba refu halifai kutiwa kwenye spana ya bolti ndogo.

Namba zilizo kwenye kichwa cha bolti nazo zina maana. Bolti ya 8.8 ni imara mara mbili ya ile ya 4.6, na ya 10.9 ni imara zaidi. Bolti za bei nafuu zinazouzwa kwa kazi za ujenzi mara nyingi ni za 4.6, au hazina alama kabisa. Bolti kama hiyo ikikazwa kwa nguvu ya 8.8, hurefuka na kubaki imerefuka. Haina tena uwezo wa kurudi na kubana. Bolti ya injini, breki au ekseli ikipotea, inunuliwe ya aina ileile iliyotoka.

Magurudumu: hatua kwa hatua

Hatari kubwa zaidi huja baada ya gurudumu kufunguliwa kwa sababu ya pancha, breki au kubadilisha matairi. Utaratibu ufuatao unapunguza hatari hiyo.

1. Uso wa habu na upande wa ndani wa rimu usuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Rangi nzito isipakwe mahali rimu inapokaa.

2. Thredi zisafishwe. Zisipakwe oili wala grisi, isipokuwa kama mtengenezaji wa gari ameelekeza hivyo. Oili hupunguza msuguano, kwa hiyo nguvu ileile ya mkono huivuta bolti kupita kiasi na huenda ikaiharibu.

3. Nati ziwe za rimu hiyo. Nyingine zina mdomo wa mviringo uliochongoka na nyingine zina washa bapa. Nati ya aina moja kwenye rimu ya aina nyingine hukaa kwenye ukingo mwembamba tu, na ukingo huo ukiliwa, mkazo huisha.

4. Kila nati ianzwe kwa vidole, angalau mizunguko mitatu. Nati inayokataa kuzunguka kwa vidole isilazimishwe kwa spana wala kwa bunduki ya upepo.

5. Kukaza kufuate mtindo wa nyota, kutoka nati moja hadi ile inayoielekea, kwa awamu mbili au tatu. Kukaza nati zilizo jirani moja baada ya nyingine huliacha gurudumu likiwa limeinama upande.

6. Gari lishushwe kutoka kwenye jeki, kisha nati zikazwe mara ya mwisho kwa kipimo. Bunduki ya upepo itumike kufikisha nati mahali pake tu, na kipimo cha mwisho kifanywe kwa mkono.

7. Nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa matatu nyingi za mjini, huo ni umbali wa siku moja. Hatua hii ndiyo inayoachwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayokamata ule uchafu wa unene wa karatasi uliokwisha kusagika.

Baada ya kukaza, mstari mmoja wa rangi huchorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Rangi ya kucha inatosha. Mstari ukionekana umekatika na vipande vyake haviko sambamba, nati imezunguka. Dereva au utingo anaweza kuona hilo kwa kuzunguka gari mara moja kabla ya safari, bila spana. Malori mengi hutumia vishale vya plastiki vya rangi ya manjano juu ya nati kwa kazi hiyohiyo.

Bodaboda

Pikipiki ina nati chache kuliko gari, lakini karibu kila moja ikianguka kuna hatari. Injini yake hutikisika karibu sana na chesi, barabara za murram huongeza mtikiso wa kando, na mzigo mara nyingi huzidi uliokusudiwa.

Nati ya ekseli ya nyuma hulegezwa kila cheni inapokazwa. Fundi akikatizwa na simu au na mteja mwingine, ni rahisi kusahau kuikaza tena. Pini ya kupasuka inayopita kwenye nati hiyo iwe mpya kila mara, kwa kuwa pini iliyokunjwa na kunyooshwa mara kadhaa hukatika.

Nati ya fimbo inayoshikilia sahani ya breki ya nyuma ni ndogo na haionekani sana. Ikidondoka, sahani nzima ya breki inaweza kuzunguka pamoja na gurudumu mara breki inapokanyagwa, na gurudumu likajifunga ghafla. Mhudumu aiangalie kila asubuhi.

Sehemu nyingine za kukaguliwa angalau mara moja kwa juma ni bolti za usukani, ekseli ya mbele, bolti za sproketi, maunti za injini, vikanyagio vya abiria, keria na bolti za ekzosi. Mhudumu akisikia mlio mpya wa chuma kugongana, asisubiri hadi jioni. Mlio huo maana yake ni kwamba vyuma vimeanza kuteleza, na vikiteleza nati zinaendelea kufunguka.

Mashine ya posho na pampu za maji

Mashine ya posho husimama mahali pamoja, lakini nyundo zake huzunguka kwa kasi kubwa na kutikisa msingi wake mchana kutwa. Ikiwa imefungwa juu ya mbao, mbao hubonyea chini ya nati na mkazo hupungua bila nati kuzunguka. Washa pana na nene huusambaza uzito na kupunguza kubonyea huko. Bolti za msingi zikazwe tena baada ya siku ya kwanza ya kazi, kisha baada ya juma moja.

Nyundo zikichakaa upande mmoja zaidi ya mwingine, mtikiso huongezeka, na kukaza nati kila siku hakutaondoa chanzo. Nati ileile inayolegea mara kwa mara kwa kawaida inaonyesha tatizo lililo mahali pengine: nyundo zisizolingana uzito, puli zisizonyooka, beringi iliyokwisha au bolti isiyo ya daraja linalofaa. Kanuni hiyo inahusu pia pampu za maji na jenereta. Kabla ya mkono kuingia kwenye mashine yoyote, umeme ukatwe au injini izimwe, na mtu mwingine asiweze kuiwasha.

Kinga za ziada: inayosaidia na isiyosaidia

Washa ya springi, ile iliyokatwa na kupinda kidogo, ndiyo inayotumiwa zaidi na ndiyo inayotegemewa zaidi ya uwezo wake. Ikishakazwa hulala bapa na kuwa washa ya kawaida. Katika majaribio ya mtikiso wa kando imeonekana kushindwa kuzuia nati kufunguka.

Nati yenye pete ya nailoni ndani hushika vizuri, lakini nailoni hulegea ikipata joto linalozidi nyuzi 120 hivi. Haifai kwenye ekzosi. Ikiwa nati hiyo inaweza kuzungushwa kwa vidole hadi mwisho, pete yake imekwisha na itupwe.

Gundi ya thredi ilianzia Marekani mwaka 1953, kazi ya profesa wa kemia Vernon Krieble, na ikaja kuuzwa kwa jina la Loctite. Hukauka ikikosa hewa na ikigusana na chuma, kwa hiyo hufanya kazi ndani ya thredi zilizobanwa. Thredi lazima ziwe safi na zisizo na oili, na gundi huhitaji hadi saa 24 kufikia nguvu yake kamili. Ya rangi ya buluu hufunguka kwa spana. Ya rangi nyekundu kwa kawaida huhitaji moto ndipo ifunguke. Gundi isitumiwe kwenye nati za magurudumu.

Nati mbili zinazobanana ni mbinu ya zamani na hufanya kazi zikipangwa sawa. Nati nyembamba hutangulia, ikigusa chuma, kisha nene hukazwa juu yake kwa nguvu kamili huku nyembamba ikishikiliwa kwa spana nyingine. Mafundi wengi hufanya kinyume.

Waya wa usalama, unaopitishwa kwenye matundu ya vichwa vya bolti na kusokotwa, hutumika kwenye ndege na magari ya mbio. Waya huo huvuta bolti upande wa kukaza. Huzuia bolti kuanguka, lakini haurudishi mkazo uliopotea. Bolti iliyofungwa waya nayo lazima iwe imekazwa kwa kipimo kwanza.

Gharama ya nati iliyopuuzwa

Tarehe 10 Mei 2002, treni iliacha reli katika kituo cha Potters Bar, kaskazini mwa London, na watu 7 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba nati za vyuma vinavyoshikilia reli za kubadilishia njia zilikuwa zimelegea na hazikutunzwa ipasavyo. Reli hizo zilikuwa chini ya shirika kubwa, lenye wahandisi na ratiba za ukaguzi. Kilichokosekana ni ukaguzi uliofanywa kwa makini mahali penyewe.

Nchini Kenya, ukaguzi rasmi wa magari ni kazi ya NTSA. Hata hivyo, cheti cha ukaguzi huonyesha hali ya gari siku lilipokaguliwa. Nati inaweza kulegea kesho yake, baada ya pancha ya kwanza. Ukaguzi wa kila siku unabaki mikononi mwa dereva, mhudumu na mmiliki. Kwa vyama vya matatu na bodaboda, spana moja ya kupimia mkazo inayotumiwa na wanachama wote ni gharama ndogo ikilinganishwa na hasara ya gurudumu moja kuchomoka. Vijana wanaotaka kujifunza kazi hii kwa undani wanaweza kuulizia mafunzo ya ufundi wa magari katika vyuo vya ufundi stadi vya kaunti vilivyo karibu nao.

Maswali ya kujipima

1. Nati haijazunguka, lakini gurudumu linacheza. Hilo linawezekanaje?
Jibu: Uchafu, kutu au rangi iliyokuwa kati ya rimu na habu imesagika, na mrefuko wa bolti umeisha.

2. Kwa nini nati za gurudumu hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100?
Jibu: Vyuma hukaa sawasawa baada ya kutembea, na mkazo uliopungua hurudishwa kabla nati haijaanza kufunguka.

3. Fundi ametia washa ya springi kwenye bolti ya ekseli bila kuikaza kwa kipimo. Je, amemaliza kazi?
Jibu: Hapana. Washa hiyo haichukui nafasi ya mkazo wa kutosha.

4. Bolti ileile ya mashine ya posho hulegea kila juma. Hatua inayofaa ni ipi?
Jibu: Kutafuta chanzo cha mtikiso, kama vile nyundo zilizochakaa au beringi mbovu, pamoja na kuangalia daraja la bolti.

5. Mstari wa rangi kwenye nati na rimu umeachana. Dereva afanye nini?
Jibu: Asianze safari. Nati zote za gurudumu hilo zikaguliwe. Ikiwa gurudumu limekuwa likicheza, lifunguliwe, na bolti pamoja na matundu ya rimu yaangaliwe kabla ya kukazwa upya kwa kipimo. Bolti iliyopinda au kuchakaa, au rimu ambayo tundu lake limeliwa, ibadilishwe.